Fungu la Maparachichi Matano

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ndivyo walivyonena wahenga, na methali hiyo imewatosha wazazi wengi kila wamwonapo mtoto ameinamia kioo cha simu au cha tarakilishi akibofya vitufe. Kwa mujibu wa fikra hii, mchezo ni adui wa kitabu. Hata hivyo, wazazi hao hao walicheza mdako walipokuwa wadogo. Walikirusha kijiwe juu, wakachota vingine chini kimoja kimoja, kisha viwili viwili, kisha vitatu vitatu, kabla kile cha juu hakijarudi kiganjani. Hakuna aliyewaambia kwamba walikuwa wakigawanya, wala hakuna aliyeumwa na tumbo kwa sababu hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 2023, katika boma moja la Kiogoro, Kaunti ya Kisii, kulikuwa na binti wa miaka tisa ambaye tumbo lilikuwa limemsumbua muhula mzima. Mama yake alimpa dawa ya minyoo, akampunguzia maharagwe, hatimaye akampeleka zahanati. Haikuonekana kasoro yoyote. Aliyeutambua ugonjwa huo ni mjomba wake, kijana aliyekuwa amerejea likizoni kutoka chuo kikuu alikokuwa akisomea sayansi ya tarakilishi. Dada yake alipomsimulia siku za maumivu hayo, kijana aligundua kwamba zote zilikuwa siku za jaribio la hisabati. Tena tumbo lenyewe lilipona siku ile ile shule ilipofungwa.

Alipomwuliza mpwa wake, binti hakukana. Alijibu kwa sauti ya chini, mithili ya mtu anayekiri kosa:

"Hesabu zimenikataa, Mjomba."

Kauli hiyo ndiyo iliyomkosesha kijana usingizi. Mtoto aliyeshindwa na jaribio anaweza kufunzwa upya. Lakini mtoto aliyekwisha kujihukumu kuwa amekataliwa, nani atamfunza? Isitoshe, kauli hiyo haikuwa ngeni nyumbani humo. Mama ya binti alikuwa amewahi kuitamka akiwa na umri uo huo, na hadi utu uzima wake alikuwa akisema, nusu kwa kicheko, kwamba ukoo wao haukujaliwa hesabu. Yamkini binti alikuwa amerithi hofu, si udhaifu. Kijana akaazimia kwamba kabla shule hazijafunguliwa Januari atakuwa amemwundia mpwa wake mchezo wa tarakilishi wa kumpatanisha na hisabati.

Vifaa vyake havikuwa vya kujivunia. Alikuwa na kipakatalishi cha mkono wa pili ambacho betri yake ilichoka baada ya saa mbili. Kisii ni nchi ya vilima, migomba na mvua, na mvua zake za alasiri huja na radi. Radi zikianza, umeme hupotea. Kwa hiyo alichaji asubuhi na kufanya kazi jioni. Alitumia Scratch, programu iliyotolewa mwaka 2007 na maabara ya Chuo Kikuu cha MIT nchini Marekani. Programu hiyo humwezesha mtu kuunda mchezo kwa kuunganisha vipande vya maagizo kama apangaye matofali, na ikishawekwa kwenye tarakilishi hufanya kazi bila mtandao. Kwa mwanafunzi anayenunua intaneti ya shilingi ishirini ishirini, hilo halikuwa jambo dogo.

Baada ya jioni tatu mchezo wa kwanza ulikuwa tayari. Chombo cha angani kilipaa kati ya nyota. Juu ya kioo kulitokea swali, kwa mfano 7 + 5, na chini yake majibu manne. Aliyebofya jibu sahihi alipigiwa makofi na chombo kikapaa juu zaidi. Binti na watoto wanne wa jirani waliujia mchezo huo kama nyuki wajiavyo ua. Walisukumana, walicheka, walipiga mayowe. Siku mbili nzima kijana alijihisi mshindi.

Siku ya tatu alisimama nyuma ya mpwa wake akatazama vidole badala ya uso. Binti hakuwa akilisoma swali. Aliyabofya majibu yote manne kwa kasi, moja baada ya jingine, kwa kuwa kukosea hakukumgharimu chochote na mojawapo lilikuwa sahihi lazima. Alikuwa amefika mwisho wa anga bila kuigusa hisabati.

Kijana akaona dawa ni adhabu. Aliongeza agizo jipya: kila jibu lisilo sahihi, chombo kilipuke na honi ilie. Jioni hiyo chombo cha binti kililipuka mara tatu mfululizo, na kila kilipolipuka wenzake waliangua kicheko. Mara ya nne hakubofya. Alikisukuma kipakatalishi polepole, akainuka, akajishika tumbo, akaenda kulala kabla ya chakula. Hapo ndipo mjomba alipotambua kwamba alikuwa amemjengea mpwa wake chumba kingine cha mtihani, tena chenye honi.

Kosa lilikuwa wapi? Katika mchezo ule, kilichopendeza kilikuwa chombo na nyota. Hisabati ilikuwa kizuizi tu njiani, ushuru wa kulipwa ili mtu aendelee kucheza. Kilikuwa kidonge kichungu kilichopakwa sukari, na mtoto ni hodari wa kulamba sukari na kutema kidonge. Michezo mingi ya elimu ina kasoro hiyo. Ukiiondoa hisabati ndani yake, mchezo unabaki vile vile; huo ndio ushahidi kwamba hisabati haikuwamo tangu mwanzo.

Suala hili lilimshughulisha zamani Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Mwaka 1967 alishirikiana na wenzake nchini Marekani kuunda Logo, lugha ya tarakilishi iliyokusudiwa watoto. Katika kitabu chake Mindstorms cha 1980 alitoa hoja ambayo mwanafunzi wa lugha hawezi kuipuuza. Mtoto wa Kimarekani hutaabika kujifunza Kifaransa darasani, ilhali mtoto akuaye Ufaransa hukipata bila kufundishwa. Basi tatizo haliko katika kichwa cha mtoto, bali katika mahali anapokutana na lugha hiyo. Papert aliuliza ni nchi ipi ambamo mtoto angeweza kuishi na hisabati jinsi watoto wa Ufaransa wanavyoishi na Kifaransa, na akaona kwamba tarakilishi inaweza kuwa nchi hiyo. Ni hoja inayoeleweka upesi Afrika Mashariki, ambako mtoto wa bara aliyehamia Mombasa huzungumza Kiswahili fasaha kwa kucheza tu na wenzake vichochoroni, pasipo kukariri ngeli hata moja.

Lakini nchi hiyo ya hisabati kijana wa Kiogoro hakuiona kitabuni kwanza. Aliiona sokoni. Siku ya soko nyanya yake, ambaye kila mtu nyumbani alimwita Magokoro kwa Ekegusii, alimtaka ambebee gunia la maparachichi. Binti aliandamana nao kama ilivyokuwa desturi yake. Walipotandaza turubai, mtoto akaanza kupanga mafungu bila kuambiwa: manne chini, moja juu, manne chini, moja juu. Mteja mmoja akataka saba. Binti hakuhesabu. Alitwaa fungu zima, akaongeza mawili kutoka fungu la jirani, akafunga. Mwingine akachukua mafungu matatu ya shilingi 50, akatoa noti ya 200. Kabla Magokoro hajageuka, mkono wa mtoto ulikuwa umekwisha kurudisha hamsini.

Kijana alisimama kimya. Huyo ndiye aliyekataliwa na hesabu?

Kando yake Magokoro alikuwa akiyahesabu yaliyosalia kwa sauti: eyemo, ibere, isato, inye, isano, isano nemo, isano naibere, isano naisato, kianda, ikomi. Maneno hayo kijana alikuwa ameyasikia tangu utotoni, ila hakuwahi kuyasikiliza. Isano ni tano. Isano nemo, yaani sita, ni tano na moja. Isano naibere, yaani saba, ni tano na mbili. Nane ni tano na tatu. Mtoto wa Kiogoro anapotamka saba kwa lugha ya mama, amekwisha kujumlisha. Fungu la maparachichi na neno la Magokoro vilikuwa kitu kimoja.

Mwanafunzi wa Kiswahili atakuwa amekwisha kupata swali hapo. Mbona Kiswahili hakisemi tano na mbili? Inajulikana kwamba sita, saba na tisa ni maneno yaliyotoka Kiarabu, yakachukua nafasi ya maneno ya Kibantu ambayo hayajatoweka kabisa. Tandatu ilikuwa sita. Saba imebaki katika fungate, zile siku saba za maharusi. Tisa ilikuwa kenda, na neno hilo lingali hai katika jina la Mijikenda, watu wa miji tisa. Kenda hiyo ya pwani na kianda ya Kisii ni ndugu wa damu, ijapokuwa bahari na vilima vimewatenganisha kwa karne nyingi. Wala isidhaniwe kwamba Kiswahili ni maskini wa mantiki. Kinaposema kumi na moja, kinamwonyesha mtoto kumi na kinamwonyesha moja. Kiingereza kinaposema "eleven", kimevificha vyote viwili. Kila lugha ina dirisha lake, na mtoto mwenye lugha tatu ana madirisha matatu, mradi asifungiwe hata moja.

Kijana alirudi nyumbani akalifuta anga na chombo chake. Katika mchezo mpya kulikuwa na turubai, kikapu na mafungu ya maparachichi, manne chini na moja juu. Mteja hutokea na kutaja idadi anayoitaka. Hakuna majibu manne ya kuchagua. Mchezaji huvuta kwa kipanya fungu zima au tunda moja moja hadi kikapuni, kisha humkabidhi mteja. Ndani ya tarakilishi kazi yenyewe ni nyepesi, kwani mashine haijui parachichi ni nini. Imehifadhi namba mbili tu, iliyoagizwa na iliyomo kikapuni. Kila fungu likiingia huongeza tano, kila tunda likiingia huongeza moja, na mwisho hulinganisha namba hizo mbili.

Ugumu ulikuwa katika kuamua jambo gani litokee mtoto anapokosea. Safari hii hakukuwa na honi. Mteja alikihesabu kikapu kwa sauti, tunda moja baada ya jingine. Yakizidi, alirudisha yaliyozidi. Yakipungua, alinyosha mkono akingoja. Ndivyo wafanyavyo wateja wa kweli. Kosa halikuwa aibu tena, bali habari: ulitoa nane, nilitaka saba. Na mtoto aliyebahatisha hakufika popote, kwa sababu katika mchezo huu kuhesabu hakukuwa kizuizi cha kufikia raha. Kuhesabu ndiko kulikokuwa kucheza.

Sauti ya mteja ilihitaji mtu, na kijana alimwomba Magokoro. Bikizee alishangaa.

"Mjukuu wangu, nani atamsikiliza kikongwe akihesabu?"

"Watoto, Magokoro."

Walirekodi kwa simu mara mbili wakashindwa, maana mvua iliyopiga mabati iliimeza sauti. Mara ya tatu waliketi asubuhi na mapema chini ya mgomba, na jogoo mmoja akaingia katika rekodi baada ya isano. Kijana alimwacha humo. Watoto walikuja kumpenda jogoo huyo kuliko nyota zote za mchezo wa kwanza.

Aliyepinga ni dada yake. Alitazama bintiye akicheza kwa Ekegusii, akatikisa kichwa. "Mtihani hautamwuliza isano naibere," alisema. "Utamwuliza kwa Kiingereza. Wewe utarudi chuoni, na yeye atabaki na lugha isiyo na karatasi."

Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Ndiyo hofu ya wazazi wengi nchini. Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba mtoto afundishwe miaka ya kwanza kwa lugha inayotumika katika eneo lake, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 ulilishikilia wazo hilo kwa madarasa ya chini. Hata hivyo, sera ni jambo moja na hofu ya mzazi ni jingine. Kijana hakubishana na dada yake. Aliongeza ngazi mbili. Katika ngazi ya kwanza mteja alizungumza Ekegusii, katika ya pili Kiswahili, katika ya tatu Kiingereza. Mafungu yalibaki yale yale. Mtoto aliyekwisha kuiona saba kama fungu na mawili hakuhangaika ilipobadilishiwa jina. Walioanza moja kwa moja na ngazi ya tatu, kama mtoto mmoja wa jirani aliyetaka kujionyesha, walirudi kuhesabu tunda moja moja.

Kwamba mtoto anaweza kujifunza kupitia mchezo wa tarakilishi kwa lugha aijuayo si ndoto ya boma moja. Nchini Tanzania, kipindi cha katuni cha Ubongo Kids kilianza kurushwa mwaka 2014 kikifundisha hisabati kwa Kiswahili, kwa nyimbo na visa vya watoto wanaotatua matatizo yao wenyewe. Mkoani Tanga shindano la kimataifa la XPRIZE liliwapa vishikwambi watoto takribani 3,000 katika vijiji vipatavyo 170. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Kwa muda wa miezi 15 walijifunza kwa Kiswahili kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa sehemu kubwa kupitia michezo. Mwezi Mei 2019 tuzo ya dola milioni 10 iligawanywa sawasawa baina ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion, na programu zao zikaachwa wazi ili yeyote azitumie. Kenya nayo ilianza mwaka 2016 kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma, na zaidi ya milioni 1 viligawiwa. Lakini kifaa si mchezo, kama vile sufuria si chakula. Kitu cha kupikwa ndani yake hakina budi kutoka kwa watu wanaojua mtoto anakula nini na anakiitaje.

Hapo ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika, wapende wasipende. Mara nyingi kazi ya namna hii huachiwa wataalamu wa tarakilishi, na lugha ikaitwa mwishoni kama fundi wa rangi aitwaye nyumba ikisha kujengwa. Mchezo wa Kiogoro unaonyesha kinyume. Kilichouokoa hakikuwa msimbo bora zaidi, kwani msimbo wa chombo cha angani ulikuwa mrefu na mgumu kuliko wa soko. Kiliuokoa kitu ambacho mtaalamu wa isimu angekitambua mara moja: muundo wa neno la namba. Ni maneno mangapi ya aina hiyo, ya vipimo, ya mafungu, ya nusu na robo, ya saa za Kiswahili zinazoanza kuhesabiwa kunapopambazuka, ambayo yanangoja mtu ayasikilize kabla hayajaundiwa mchezo?

Likizo ilipokaribia kwisha, jambo moja lilikuwa bado likimtia kijana wasiwasi. Ekegusii husaidia hadi nane tu. Tisa ni kianda, neno lisilojifumbua, na kijana hakuwa ameweka msaada wowote mahali hapo. Aliketi nyuma ya mpwa wake akitarajia atamwona akiyavuta matunda moja moja.

Mteja akasema kwa sauti ya Magokoro: "Kianda."

Binti alinyamaza. Alitazama turubai kwa muda, mkono ukiwa juu ya kipanya. Kisha akavuta fungu zima hadi kikapuni, akavuta fungu la pili zima, akasita, halafu akalinyakua parachichi moja lililokuwa juu ya fungu la pili akalirudisha mahali pake. Mteja akahesabu, akapokea, akaenda zake.

"Nani amekufundisha hivyo?" mjomba aliuliza.

Binti aligeuka akamtazama kwa mshangao, kana kwamba ameulizwa nani aliyemfundisha kutembea.

"Si yapo tu pale, Mjomba? Moja limezidi."

Hakusema lolote kuhusu kukataliwa, wala mjomba hakumkumbusha. Shule zilifunguliwa Januari, na kijana akarejea chuoni. Wiki ya tatu ya muhula dada yake alimpigia simu kuhusu mambo mengine, karo na mahindi, kisha kabla ya kukata akaongeza kwamba jaribio la hisabati lilikuwa limefanywa jana. Kijana aliuliza alama. Dada yake akasema alama hazijatoka bado.

"Ila asubuhi alikula uji wote," alisema.